Sura ya Saba: Dharura Hii Ni ya Nani?

Kiamaiko inajulikana Nairobi nzima kwa mbuzi. Wanaletwa kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo, Moyale na kwingineko kaskazini, wanachinjwa katika vichinjio vilivyobanana pembeni mwa Huruma, na nyama yao inalisha bucha na hoteli nyingi za Eastlands. Kiutawala ni wadi moja katika eneo bunge la Mathare. Kibiashara ni soko ambalo sehemu kubwa ya shughuli zake hupitia simu: mchuuzi hulipwa kwa M-Pesa, mwenye bucha huandika madeni ya wateja kwenye programu aliyoipakua, na bei ya mbuzi huulizwa kwa ujumbe hata kabla lori halijawasili.

Programu kama ile ya madeni huhifadhi rekodi zake katika kompyuta iliyo mbali, na mara nyingi kompyuta hiyo si kompyuta nzima. Ni mashine pepe: programu inayojifanya kompyuta kamili, yenye prosesa, kumbukumbu na diski yake, ilhali inatumia chuma kimoja pamoja na mashine pepe nyingine za watu wasiojuana. Biashara ya kukodisha mashine hizi ina mzizi wake mmoja Afrika. Huduma ya EC2 ya Amazon, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2006, ilijengwa na timu ndogo mjini Cape Town ikiongozwa na Chris Pinkham, na kwa miaka mingi ilisimama juu ya programu iitwayo Xen. Februari 2007 keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, toleo la 2.6.20, ikatoka ikiwa na KVM, sehemu ya kuendeshea mashine pepe iliyoanzishwa na Avi Kivity katika kampuni ya Qumranet ya Israeli. Mwezi uliofuata, Safaricom ikazindua M-Pesa. Kizazi kilichokulia kwenye pesa za simu, bila kujua, kimekulia pia kwenye mashine pepe.

Sura hii inashughulikia swali moja lililojificha ndani kabisa ya mashine hizo. Prosesa ikikutana na jambo isiloweza kuendelea nalo, husimamisha kazi na kuita msaada. Wito huo ukitolewa ndani ya mashine pepe iliyomo ndani ya mashine pepe nyingine, nani auitikie? Jibu lina masharti matatu. Dharura ifike kwa mwenyewe. Ifike kwa zamu yake. Ifike na habari zake zote, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Sharti lolote kati ya haya likivunjwa, mashine huanguka, au hufanya kosa baya zaidi: huendelea kufanya kazi huku ikidanganya.

Prosesa inapoita

Prosesa husoma amri moja baada ya nyingine. Amri nyingi hupita salama. Nyingine hazitekelezeki: kugawanya kwa sifuri, kutumia amri isiyokuwepo, kugusa sehemu ya kumbukumbu iliyokatazwa au isiyopatikana. Hapo prosesa huacha programu ilipofika, huweka alama ya mahali, kisha huruka hadi kwenye kipande cha keneli kilichoandaliwa kwa ajili ya jambo hilo. Katika kitabu hiki tunaita tukio hilo dharura ya prosesa.

Katika prosesa za Intel na AMD, keneli hutayarisha jedwali lenye nafasi 256, na nafasi 32 za mwanzo, kuanzia 0 hadi 31, zimetengewa dharura hizi. Kugawanya kwa sifuri ni namba 0. Amri isiyojulikana ni namba 6. Uvunjaji wa ulinzi wa jumla ni namba 13. Ukurasa wa kumbukumbu uliokosekana ni namba 14. Hitilafu ya chuma chenyewe, kama kumbukumbu iliyoharibika, ni namba 18.

Dharura nyingi si ajali. Namba 14 hutokea mara nyingi mno katika kompyuta yenye afya, na ndiyo inayoiwezesha laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo kuendesha programu zinazoomba kumbukumbu kubwa. Programu ikiomba nafasi, keneli huahidi tu bila kutoa. Siku programu inapogusa ukurasa ulioahidiwa, prosesa hutoa dharura namba 14, huandika anwani iliyoguswa katika rejista iitwayo CR2, na huacha kwenye rundo la kumbukumbu alama zinazoeleza kama ulikuwa usomaji au uandishi, na kama aliyegusa ni keneli au programu ya mtumiaji. Keneli hutafuta ukurasa, huuweka mahali pake, kisha huirudisha prosesa kwenye amri ileile. Amri inarudiwa, safari hii inapita, na programu haijui kwamba iliwahi kusimama.

Ugumu huanza dharura inapozuka wakati dharura nyingine bado inafikishwa. Tuseme prosesa inapeleka namba 13 kwa keneli, na katika kuandika alama zake kwenye rundo inakuta rundo lenyewe limeelekezwa mahali pabovu, hivyo inazuka nyingine, nzito kama ya kwanza. Sheria ya Intel huzigawa dharura katika makundi, na baadhi ya jozi zikikutana huunganishwa kuwa dharura maradufu, namba 8. Dharura maradufu nayo ikishindwa kufikishwa, prosesa hukata tamaa na kujifunga, na kwa kawaida kompyuta hujiwasha upya. Lakini si kila jozi huunganishwa. Zipo dharura zinazohesabiwa kuwa nyepesi, ambazo hufikishwa moja baada ya nyingine hata zikizukiana. Msomaji aliweke hilo akilini, maana mwaka 2015 ndilo lililofungua mlango wa hatari.

Mgeni ndani ya mgeni

Wazo la mashine pepe ni la zamani kuliko watumiaji wengi wa kompyuta walio hai. IBM ilikuwa nazo katika miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 wahandisi wake walikuwa wakiendesha mfumo wa mashine pepe ndani ya mfumo mwingine wa mashine pepe ili kujaribu matoleo mapya bila kuhatarisha kompyuta ya kazi. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo prosesa lazima iyatimize ili iweze kuigwa kwa uaminifu, na wakaeleza pia ni lini mashine pepe inaweza kubeba mashine pepe nyingine.

Prosesa za kawaida za laptopu na seva hazikuyatimiza masharti hayo kwa miaka mingi. Intel iliongeza uwezo huo mwishoni mwa mwaka 2005, na AMD ikafuata mwaka 2006. Tangu hapo prosesa ina hali mbili: ya mwenyeji, ambako msimamizi wa mashine pepe hukaa, na ya mgeni, ambako mashine pepe huendeshwa. Mwenyeji huipa prosesa ramani ya biti 32, biti moja kwa kila dharura. Biti ikiwa 1, dharura ya namba hiyo ikizuka ndani ya mgeni, mgeni husimamishwa na udhibiti hurudi kwa mwenyeji. Ikiwa 0, dharura huenda moja kwa moja kwenye jedwali la mgeni mwenyewe, naye huimaliza kwake.

Sasa tumchukue kijana wa Kiamaiko anayetaka kuwa mhandisi wa mifumo. Laptopu yake haitoshi, kwa hiyo anakodi mashine pepe mtandaoni na kuilipia kwa saa. Ndani yake anataka kufungua mashine pepe zake mwenyewe: moja ya kujaribu keneli aliyoibadilisha, nyingine ya kuigiza simu ya Android ili apime programu yake. Yeye ni mgeni anayetaka kuwa mwenyeji. Wahandisi huyahesabu matabaka haya kuanzia chini. Tabaka la sifuri ni keneli ya kampuni inayomiliki chuma. Tabaka la kwanza ni mashine aliyoikodi. Tabaka la pili ni mashine anazozifungua ndani yake.

Mfano wake uko kwenye maghorofa ya kupanga ya Huruma na Kiamaiko. Mwenye nyumba amempangisha mtu vyumba viwili, na huyo naye amempangisha mwenzake kimoja. Maji yakionekana sakafuni kwa huyo wa mwisho, hatua ya kwanza ni kujua yametoka wapi. Kama ndoo yake imepinduka, apanguse mwenyewe. Kama ni mfereji uliowekwa na mpangaji wa kwanza, huyo ndiye wa kuitwa. Kama ni bomba kuu ukutani, ni kazi ya mwenye nyumba. Maji ni yaleyale, wenyewe ni watatu.

Ukurasa uliokosekana ni hivyohivyo. Mashine ya tabaka la pili ikigusa kumbukumbu isiyopatikana, huenda ni keneli yake yenyewe ambayo bado haijatimiza ahadi. Huenda ni msimamizi wa tabaka la kwanza ambaye hajaitengea mashine hiyo ukurasa huo. Huenda ni keneli ya chini kabisa ambayo imeuhamishia ukurasa diskini. Na prosesa haijui lolote kuhusu matabaka matatu. Chuma kinatambua mwenyeji mmoja na mgeni mmoja tu, kwa hiyo kila kinachomsimamisha mgeni, wa tabaka lolote, hufika kwanza kwa keneli ya tabaka la sifuri. Hiyo ndiyo inayobeba mzigo wa kuuliza: dharura hii ni ya nani?

Wahandisi wa maabara ya IBM mjini Haifa, akiwemo Muli Ben-Yehuda, walionyesha mwaka 2010 kwamba mzigo huo unabebeka kwenye prosesa za Intel. Mradi wao, uliopewa jina la Turtles, uliendesha matabaka yote hayo ndani ya KVM, na kwa kazi za kawaida walizozipima, tabaka la ziada liligharimu asilimia 6 hadi 8 tu ya kasi ikilinganishwa na mashine pepe ya tabaka moja. Tatizo lao kubwa lilikuwa wingi wa kupanda na kushuka: tukio moja katika tabaka la pili humlazimu msimamizi wa tabaka la kwanza kufanya kazi nyingi ndogondogo, na kila moja ya hizo inaweza kumrudisha tena kwa tabaka la sifuri. Msimbo wa nasaba hiyo uliingia katika keneli ya Linux mwaka 2011.

Sharti la kwanza: ifike kwa mwenyewe

Utaratibu wa keneli ya chini ni mfupi kuueleza. Dharura ikifika, keneli hujiuliza kwanza: je, mimi mwenyewe ninaihitaji? Hitilafu ya chuma, kwa mfano, haiwezi kuachiwa mgeni, maana chuma si chake. Kama haihitaji, hutazama ramani ya biti iliyoandikwa na msimamizi wa tabaka la kwanza. Akiwa ameiomba dharura ya namba hiyo, keneli humwamsha na kumweleza kana kwamba prosesa yenyewe ndiyo imemrudishia udhibiti. Asipoiomba, dharura hushushwa kwenye jedwali la tabaka la pili.

Ili hilo liwezekane, ramani ambayo prosesa huiona kwa kweli wakati tabaka la pili linaendeshwa ni muungano wa ramani mbili. Biti iliyowashwa na yeyote kati ya wasimamizi wawili huwashwa. Mgeni anaweza kuomba zaidi. Hawezi kuzima kile ambacho mwenyeji amekitaka.

Gharama ya kutotaka vya kutosha ilionekana tarehe 10 Novemba 2015. Siku hiyo mradi wa Xen ulitangaza dosari mbili zilizoigusa pia KVM. Ya kwanza iligunduliwa na Ben Serebrin wa Google, ya pili na Jan Beulich wa SUSE. Ya kwanza ilihusu dharura namba 17, inayozuka programu inapogusa kumbukumbu kwa anwani isiyogawanyika sawasawa, kama vile kusoma namba ya baiti nne kuanzia anwani isiyogawanyika kwa nne. Ni dharura ndogo, na mifumo mingi haiitumii kabisa. Kwa sababu hiyo wasimamizi walikuwa wameiachia mgeni. Biti yake ilikuwa 0.

Mgeni mwenye nia mbaya angeweza kupanga jedwali na rundo lake kwa namna ambayo hata kule kuifikisha dharura namba 17 kulihitaji kuandika kwenye anwani isiyogawanyika. Prosesa inaanza kufikisha; katika kufikisha inazuka namba 17 nyingine; inaanza kuifikisha hiyo; inazuka nyingine. Kwa kuwa namba 17 imo katika kundi la dharura nyepesi, haikuunganishwa kuwa dharura maradufu, kwa hiyo hapakuwa na kikomo. Kitanzi chote kilizunguka ndani ya maikrokodi, yaani maagizo ya ndani ya prosesa yenyewe, bila kumaliza amri hata moja, na hivyo bila kutoa mwanya ambao kikatizo cha mwenyeji kingepenyeza. Mpangaji mmoja aliweza kuiteka prosesa, na kompyuta nzima ikaganda pamoja na wapangaji wengine wote waliokuwa juu yake. Dosari ya pili ilikuwa ya umbo hilohilo, kwa dharura namba 1 inayotumika kupekua programu.

Tiba ilikuwa kuziwasha biti hizo mbili daima. Mgeni bado anaweza kuanzisha kitanzi chake, lakini kila mzunguko sasa unapita mikononi mwa mwenyeji, ambaye anaweza kuhudumia wengine na hata kumfunga mkorofi. Kwa mashine zilizopachikwa ndani ya nyingine, ule muungano wa ramani ndio unaolinda: hata msimamizi wa tabaka la kwanza akisahau kuziomba dharura hizo, au asitake, keneli ya chini imeshaziomba kwa niaba ya wote.

Sharti la pili: ifike kwa zamu

Dharura moja ndani ya matabaka matatu inashughulikika bila taabu kubwa. Dharura mbili kwa mpigo ndizo zilizowasumbua wahandisi wa KVM kwa zaidi ya miaka kumi.

Keneli hutofautisha dharura iliyo foleni na iliyokwisha kuanza kufikishwa. Iliyo foleni bado inaweza kuombwa na msimamizi wa tabaka la kwanza, maana kwa mtazamo wa prosesa halisi, uamuzi wa nani apewe haujafanyika. Iliyokwisha kuanza kufikishwa imeshavuka lango. Kumpa tena msimamizi ni kumpa kitu ambacho prosesa halisi isingempa kamwe. Inawezekana pia ufikishaji ukakatizwa katikati, kwa mfano ukurasa wa rundo la mgeni unapokuwa umehamishiwa diskini na mwenyeji. Prosesa huandika kando dharura iliyokuwa njiani, na ni wajibu wa keneli kuirejesha ileile baada ya kutengeneza ukurasa. Ikisahaulika, mgeni hupoteza tukio. Ikirudishwa mara mbili, mgeni huona jambo ambalo halikutokea.

Sasa chukua hali hii. Tabaka la pili linafikishiwa dharura moja. Katikati ya ufikishaji inazuka ya pili, tuseme ukurasa uliokosekana. Msimamizi wa tabaka la kwanza ameshasema katika ramani yake kwamba kurasa zote zinazokosekana anazitaka yeye. Kwenye chuma halisi, ramani hutazamwa dharura ya pili inapozuka: msimamizi anaitwa, na suala la kuziunganisha mbili kuwa dharura maradufu haliinuki. KVM haikufanya hivyo. Iliziweka foleni, ikaahirisha kuitazama ramani hadi dakika ya kumrudisha mgeni kazini, na wakati huo ilikuwa imeshaziunganisha. Tabaka la pili likapokea dharura namba 8 ambayo haikustahili kuwepo, na msimamizi aliyeomba kuitwa hakuitwa.

Kwa mfumo endeshi wa kawaida, dharura maradufu ni ishara ya maafa. Wengi husimama papo hapo na kuandika ripoti ya kuanguka. Mwenye mashine ya tabaka la pili angetafuta kosa katika keneli yake usiku kucha bila kulipata, kwa sababu kosa lilikuwa matabaka mawili chini yake.

Sean Christopherson wa Google alipanga upya sehemu hiyo ya KVM mwaka 2022, na marekebisho yake yakaingia katika Linux 6.1, iliyotoka Desemba mwaka huo. Kiini chake ni rahisi: swali la nani anaitaka dharura huulizwa pale inapoingia foleni, kabla ya kuungana na nyingine. Msimamizi wa tabaka la kwanza akiitaka, hubadilishwa papo hapo kuwa wito wake. Asipoitaka, ndipo sheria ya kuunganisha hutumika. Hesabu ni zilezile. Kilichobadilika ni mpangilio wa maswali, na ndicho kilichohitaji kurekebishwa.

Sharti la tatu: ifike na habari kamili

Dharura husafiri na mizigo. Ukurasa uliokosekana hubeba anwani iliyoguswa, na mahali pa anwani hiyo kwa mgeni ni rejista ya CR2. Kuna nukta moja katika kanuni za Intel ambayo ni rahisi kuipita: dharura ikifikishwa kwenye jedwali la mgeni, CR2 huandikwa. Ikimwita mwenyeji badala yake, CR2 haiguswi. Anwani huandikwa kwenye rekodi maalumu ya mwenyeji.

Kwa miaka mingi KVM iliandika CR2 ya mgeni mara tu ilipoamua kumwekea dharura namba 14 foleni. Kwa mashine ya tabaka moja hapakuwa na madhara, maana dharura ingefika tu. Lakini katika matabaka matatu, huenda baadaye ikabainika kwamba tabaka la kwanza linaitaka dharura hiyo. Msimamizi anaamshwa, anatazama CR2, na anakuta anwani mpya mahali ambapo prosesa halisi ingeacha ya zamani. Kama keneli ya tabaka la pili ilikuwa bado haijaisoma anwani ya zamani, imefutwa na haitapatikana tena. Namba 1 nayo ilikuwa na tatizo hilohilo katika rejista ya upekuzi.

Jim Mattson, naye wa Google, alipeleka mwaka 2018 marekebisho yanayoutenganisha mzigo na dharura: anwani hubebwa pembeni, na huandikwa kwenye rejista wakati dharura inapofikishwa kwa kweli. Jambo hili lilikuwa na faida nyingine. Kampuni zinazokodisha mashine pepe huzihamisha kutoka chuma kimoja hadi kingine zikiwa zinaendelea kufanya kazi. Mashine ikihamishwa wakati dharura iko foleni, lazima ihame na dharura yake, mzigo wake, na alama ya kama imekwisha kuanza kufikishwa au bado. Mabadiliko hayo yalitoka katika Linux 4.20, Desemba 2018, toleo ambalo pia, kwa prosesa za Intel, liliwasha mashine zilizopachikwa kama kawaida bila mtumiaji kuomba.

Faida kwa asiye na chuma

Wapo watakaosema mambo haya ni ya kampuni kubwa za Marekani. Nayapinga maoni hayo. Mwenye ukumbi wa seva hahitaji mashine ndani ya mashine ili ajifunze; anafungua chuma chake na kufanya atakalo. Anayeihitaji ni yule asiyemiliki chuma, anayekodi saa chache za prosesa na anayetaka ndani ya saa hizo awe msimamizi kamili, avunje keneli, aijenge tena, aigize mtandao wa seva tano. Google Cloud ilianza kuruhusu jambo hilo kwa wateja wake mwaka 2017. Tangu kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, umbali kati ya Kiamaiko na mashine hizo umepungua hadi gharama ya data na ada ya saa. Uaminifu wa keneli katika kufikisha dharura ndio unaomhakikishia mwanafunzi huyo kwamba anachokiona ndani ya mashine ya kukodi ndicho atakachokiona kwenye chuma halisi siku atakapoajiriwa kukitunza.

Uaminifu huohuo unamlinda mwenye bucha ambaye hajawahi kusikia neno keneli. Rekodi zake za madeni zinalala kwenye chuma kimoja na majaribio ya wanafunzi, na pengine na hila za wezi. Kinachomtenganisha nao ni msimbo unaojua kusema: hii ni yako, hii ni yake, na hii haipiti kwangu.

Marekebisho yote ya KVM niliyoyaeleza yako wazi. Keneli ya Linux inapakuliwa bure, pamoja na maelezo ya kila badiliko, jina la aliyelipeleka na sababu yake. Ukiwa na kompyuta ya Linux, tazama faili ya /proc/cpuinfo: ukiona neno vmx kwa Intel au svm kwa AMD, prosesa yako inaweza kubeba mashine pepe. Kisha soma /sys/module/kvm_intel/parameters/nested, au kvm_amd ikiwa prosesa ni ya AMD. Ukikuta Y au 1, inaruhusu nyingine ndani yake. Ndani ya msimbo wa keneli, katika saraka ya tools/testing/selftests/kvm, kuna jaribio liitwalo nested_exceptions_test. Liliandikwa wakati wa marekebisho ya mwaka 2022. Humfanya mgeni wa tabaka la pili azue dharura juu ya dharura, kisha hukagua kama kila moja imefika panapostahili. Ni faili fupi. Lisome mstari kwa mstari, liendeshe, badilisha biti moja katika ramani, kisha liendeshe tena uone linavyoshindwa.

Vijana wa Kiamaiko, Huruma na Mathare wasingoje kualikwa kwenye kazi hii. Anayeijua sheria ya dharura na anayeweza kuithibitisha kwa jaribio ana haki ya kupeleka rekebisho lake, na rekebisho hupimwa kwa usahihi wake.